Taa Nyekundu ya Chaji Kwenye Gari la Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwenye Beetle, Land Rover Series au Peugeot 504 hapa Nairobi ana siku yake ya taa nyekundu. Yangu ilinikuta jioni ya Ijumaa mwezi wa Aprili, mvua inamwagika, nikiwa nimekwama Uhuru Highway karibu na mzunguko wa Haile Selassie, taa za mbele zimewashwa na waipa zinajikokota. Tangu siku hiyo nimeulizwa maswali kuhusu taa hii na majirani, wafanyakazi wenzangu na watu nisiowajua wanaonisimamisha kwenye kituo cha mafuta wakiona gari. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Taa hiyo inapima nini hasa?

Wengi huiita taa ya betri, lakini haipimi betri. Balbu ile imefungwa katikati ya njia mbili za umeme. Upande mmoja unatoka kwenye swichi ya ufunguo, yaani kwenye betri. Upande wa pili unaenda kwenye dainamo au alteneta, yaani mashine inayozungushwa na injini ili kutengeneza umeme (dainamo ni ya magari ya zamani zaidi, alteneta ilikuja baadaye). Ukifungua ufunguo kabla injini haijawaka, upande wa betri una volti 12 na wa pili hauna kitu, kwa hiyo umeme unapita na balbu inawaka. Injini ikishika, alteneta inaanza kutoa umeme wake, pande mbili zinalingana, na taa inazimika. Ni mchezo wa kuvuta kamba: timu zikilingana nguvu, kamba haisogei.

Ukilishika hilo, mengi yanayofuata utayafumbua mwenyewe. Taa inayowaka kwa nguvu, inayowaka hafifu, isiyowaka kabisa na inayokataa kuzimika ni habari nne tofauti. Fundi anayesikia "taa ya betri imewaka" na kukutuma moja kwa moja ukanunue betri hajakuuliza swali la kwanza: inawaka vipi?

Imewaka sasa hivi, niko barabarani. Nisimame au niendelee?

Inategemea gari, na hapa hakuna mzaha.

Kama ni Beetle au Kombi yenye injini ya kupozwa kwa hewa, toka barabarani na uzime injini mara moja. Si baada ya taa za trafiki zinazofuata. Kwenye injini hizo feni ya kupoza imefungwa kwenye ekseli ileile ya dainamo, na zote mbili zinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, taa ya chaji inawaka, na wakati huohuo injini haina kinachoipoza. Gari halina geji ya joto, kwa hiyo taa nyekundu ndiyo onyo pekee utakalopata. Nimewaona watu wakipanda Waiyaki Way na taa imewaka, wakijua kwamba betri itawafikisha nyumbani. Betri iliwafikisha, injini ndiyo haikufika.

Kwenye injini za maji kama Land Rover Series, Datsun na Peugeot, mkanda wa alteneta kwa kawaida ndio unaozungusha pampu ya maji pia. Simama, fungua boneti, tazama. Mkanda haupo? Usiende popote. Mkanda upo na unakaza vizuri? Basi tatizo ni la umeme peke yake na unaweza kuendelea kwa akiba ya betri.

Akiba hiyo ni kiasi gani? Piga hesabu. Mfumo wa kuwashia injini ya petroli unakula kama ampea 3 au 4. Taa mbili za mbele za wati 45 zinakula zaidi ya 7. Ongeza taa za nyuma na waipa, umefika karibu 14. Betri nzima ya ampea-saa 45 ingekupa saa tatu kwenye karatasi, lakini volti zinashuka mapema na kiwashio kinaanza kukosa cheche kabla betri haijaisha. Mimi huhesabu muda wa saa moja nikiendesha usiku, na muda wa saa mbili au zaidi nikiendesha mchana bila taa. Zima redio, zima feni ya ndani, na usizime injini njiani ukidhani utaiwasha tena.

Wenye Mercedes 240D na dizeli nyingine za zamani zenye pampu ya kimekanika wana raha yao. Injini ikishawaka haihitaji umeme kuendelea kuunguruma, kwa hiyo mchana unaweza kutoka Nakuru hadi Nairobi na taa nyekundu ikikutazama. Ila kagua mkanda kwanza, hilo halibadiliki.

Nitajuaje kama ni taa ya chaji na si ya oili?

Hili linachanganya kwa sababu magari mengi ya zamani hayakuwa na picha wala maandishi, rangi tu. Kwenye Beetle nyingi za miaka ya 1960 nyekundu ni ya chaji na kijani ni ya oili. Baadaye rangi zikabadilika, na gari lililopita mikononi mwa mafundi kumi linaweza kuwa na rangi yoyote ile.

Njia ya uhakika: fungua ufunguo bila kuwasha injini, taa zote mbili zitawaka. Nenda kwenye injini uchomoe waya wa swichi ya oili (kwenye Beetle iko karibu na distribyuta, ina waya mmoja). Taa itakayozimika ni ya oili. Weka alama kwenye dashibodi kwa kalamu ya rangi ukitaka, hakuna atakayekucheka isipokuwa majaji wa Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa.

Taa ya oili ikiwaka injini ikiwa inazunguka, zima papo hapo, gari lolote lile. Swichi ile huwasha taa wakati shinikizo limeshuka chini sana, kwa kawaida chini ya nusu ya bar moja.

Nikifungua ufunguo taa haiwaki kabisa, na gari linawaka vizuri. Si ndiyo afadhali?

Hapana. Hiyo ndiyo hali ninayoiogopa zaidi, kwa sababu haikusumbui.

Kwenye gari lenye dainamo, balbu iliyokufa inakunyima onyo tu. Dainamo ina sumaku kidogo iliyobaki kwenye chuma chake na inaanza kuchaji yenyewe. Lakini alteneta nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinahitaji umeme kidogo wa kuziamsha, na umeme huo unapitia ndani ya balbu hiyohiyo. Balbu ya wati 2.2 inapitisha chini ya ampea 0.2. Ni kidogo, lakini bila hicho kidogo alteneta inalala. Utaona gari linaenda bila kuchaji, kisha siku moja ukikanyaga sana kupita lori Thika Road linaanza kuchaji lenyewe, halafu kesho yake hakuna. Watu wamenunua alteneta mbili kwa sababu ya balbu ya bei ya andazi.

Kipimo chake ni rahisi. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa, chomoa waya mdogo wa taa nyuma ya alteneta (mara nyingi umeandikwa D+, 61 au IND) na uuguse kwenye chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, waya na balbu ni vizima, shida iko ndani ya alteneta, na mara nyingi ni brashi zilizoisha, yaani vile vijiti vya kaboni vinavyosugua sehemu inayozunguka. Isipowaka, tafuta balbu, fyuzi au waya uliokatika. Hakikisha tu umeshika waya mdogo. Ule mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri, na ukiugusisha kwenye chuma utaona fataki.

Naweza kuweka balbu ya LED ili ing'ae vizuri?

Usiweke hapo. LED inapitisha umeme mchache mno kuamsha alteneta, na nyingine zinapitisha upande mmoja tu. Weka LED kwenye taa za ndani na za kuangazia geji. Ile moja nyekundu iachie balbu ya uzi yenye wati zilezile za kiwandani.

Inawaka hafifu sana, naiona usiku tu. Ni mbaya?

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kumbuka mchezo wa kamba. Taa hafifu maana yake ni kwamba pande mbili zimekaribiana lakini hazijalingana. Swali ni upande gani umelegea. Watu wote hudhani ni alteneta. Kwenye gari la miaka 50 mara nyingi ni upande wa pili: swichi ya ufunguo iliyochakaa, kisanduku cha fyuzi chenye kutu ya kijani, au kiungo cha waya kilichofungwa na mtu kwa selotepu mwaka 1994. Umeme unatoka kwenye betri ukiwa volti 14, unapoteza volti nzima njiani, unafika kwenye balbu ukiwa 13. Alteneta inasukuma 14 kutoka upande wa pili. Tofauti ya volti moja inatosha kuifanya balbu iwe kama kaa la mwisho jikoni.

Dalili yake: ukiwasha taa za mbele, feni na waipa, ile nyekundu inazidi kung'aa. Ukizima kila kitu, inafifia.

Chukua mita. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko kama 2,000 kwa dakika, washa taa za mbele. Pima kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye vishikio vya waya. Ukipata kati ya 13.8 na 14.4, alteneta yako ni nzima, mwache fundi wa alteneta apumzike. Sasa weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye fyuzi inayolisha taa za dashibodi. Inafaa usome karibu na sifuri. Ukisoma 0.8 au 1, umempata mwizi, na kilichobaki ni kufuata waya kiungo kwa kiungo hadi umwone anapojificha. Kwenye Land Rover ya jirani yangu wa South B alikuwa kwenye kipini kimoja cha fyuzi. Tulikichomoa, tukakisugua kwa msasa laini, tukakirudisha. Taa ikazimika mbele ya macho yetu, na jirani akazima na kuwasha injini mara tatu kuhakikisha hatumchezei.

Ukipata chini ya 13 kwenye betri, mambo ni tofauti. Pima sasa kwenye bolti nene ya nyuma ya alteneta. Ikiwa pale kuna 14.5 na kwenye betri 12.9, waya mnene kati yao una tatizo. Ikiwa pale nako ni chini, basi ndiyo, ni alteneta: brashi, daiodi moja iliyoungua (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), au regyuleta (kidhibiti cha volti).

Wenye Beetle za volti 6 (nyingi za kabla ya 1967) wagawanye namba zangu za volti kwa mbili.

Inamulika nikiwa kwenye jam, nikikanyaga mafuta inazimika.

Una dainamo? Basi ni hulka yake. Dainamo ya Lucas C40 iliyokuja na Land Rover nyingi ilitoa ampea 22 ikikazana, na injini ikiwa inanguruma polepole haitoi karibu chochote. Waliotengeneza gari lile hawakuwaza Jogoo Road saa kumi na mbili jioni. Angalia tu kwamba mizunguko ya kusimama haijashushwa mno, na kwamba mkanda haujalegea.

Kama una alteneta, si hulka. Tafuta mkanda au brashi.

Gari limezimwa, ufunguo uko mfukoni, na taa bado inawaka.

Toa kishikio cha betri sasa hivi, kisha uendelee kusoma. Umeme unarudi nyuma kutoka kwenye betri. Kwenye alteneta ni daiodi iliyopitisha pande zote mbili. Kwenye dainamo ni ile swichi ndogo iliyo ndani ya kisanduku cha regyuleta: midomo yake imeungana kwa joto na haitaki kuachana. Ukiiacha, asubuhi utakuta betri imekwisha na pengine dainamo imeungua. Kisanduku kile kikigongwa taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine midomo huachana, lakini ni ya kukufikisha kwa fundi tu.

Fundi anataka kutoa terminali ya betri injini ikiwa inazunguka ili aone kama itazima. Nimruhusu?

Mzuie mkono. Kwa heshima, lakini mzuie.

Kipimo hiki kinapendwa kila mahali, kuanzia Kariobangi hadi gereji za Ngara, na nimekiona kikifanywa na wazee wenye ujuzi ambao ningewakabidhi injini yangu bila wasiwasi. Kilizaliwa enzi za dainamo, ambapo madhara yake hayakuonekana haraka. Kwa alteneta ni hatari. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme, na ukiitoa ghafla volti zinaruka juu kwa kufumba na kufumbua, daiodi zinaungua. Fundi anaona gari halijazima, anasema "chaji iko sawa, mkubwa," kumbe alteneta ilikuwa nzima alipoanza na ni mbovu alipomaliza. Wiki inayofuata unarudi, na kwa kuwa ni yeye aliyesema ilikuwa sawa, lawama inaangukia betri.

Maneno ya kuweka akiba ni haya: "Fundi, tupime kwa mita." Mita ya kawaida inauzwa bei ndogo kuliko mafuta ya kukupeleka Thika na kurudi. Betri iliyopumzika usiku kucha isome karibu 12.6. Injini ikizunguka isome 13.8 hadi 14.4. Hayo yote yanachukua dakika mbili na hayaunguzi kitu.

Taa inazimika vizuri kabisa, lakini betri inakufa kila baada ya siku chache. Taa inanidanganya?

Haidanganyi, ila haioni kila kitu. Na hili nimelilipia.

Beetle yangu ilianza kusuasua asubuhi. Starta ilizunguka kama mzee anayepanda ngazi. Taa nyekundu iliwaka na kuzimika kwa adabu zake zote. Fundi mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu nilimwamini mimi mwenyewe, aliniuzia betri mpya. Baada ya wiki tatu ikafa. Akasema, "Mzee, betri za siku hizi si kama za zamani," akaniuzia nyingine kubwa zaidi, ambayo ilibidi tuisukume kwa goti chini ya kiti cha nyuma. Nayo ikafa. Kisha dainamo ikafunguliwa, ikasukwa upya, ikarudishwa. Hakuna mabadiliko.

Siku moja mwanangu alikuwa amelala chini ya gari akitafuta mpira wake huku mimi nikijaribu kuwasha. Aliguswa na kitu akapiga kelele: "Baba, hii waya ni moto!" Ilikuwa kebo ya klachi. Kebo ya klachi haina kazi yoyote na umeme. Ikipata moto, ni kwa sababu umeme wa starta umekosa njia yake ya kawaida na umejipitisha hapo.

Njia ya kawaida kwenye Beetle ni mkanda wa shaba uliosukwa, unaounganisha pua ya giaboksi na bodi. Wangu ulikuwa umebaki nyuzi nne au tano, nyingine zimegeuka unga wa kijani. Injini ilikuwa inachaji vizuri kwa hesabu yake yenyewe, na taa iliyaona hayo, lakini umeme ulikuwa unafika kwenye betri ukiwa umechoka. Mkanda mpya uliwekwa kwa bolti mbili. Ile betri kubwa bado iko chini ya kiti.

Kipimo: ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu azungushe starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, njia ya kurudia umeme ni mbovu. Ningeanza na hiki kabla ya kununua kitu chochote.

Jambo jingine ambalo taa haioni ni chaji iliyozidi. Regyuleta ikifa na kuacha umeme upite bila kizuizi, volti zinapanda hadi 15 na zaidi, betri inachemka na kutoa harufu ya mayai yaliyooza, na taa imetulia tuli. Ukisikia harufu hiyo usiwashe kiberiti karibu.

Ninakaza vipi mkanda?

Kwa injini za maji: legeza bolti ya alteneta kwenye chuma chenye tundu refu, sukuma alteneta nje kwa mti, kaza. Usiikandamize kwenye mgongo wake wa alumini, hupasuka. Sehemu ndefu ya mkanda ikibonyezwa kwa kidole gumba ishuke kati ya milimita 10 na 15.

Beetle ina namna yake. Puli ya dainamo ni vipande viwili, na katikati yake kuna washa nyembamba (vibati vya mviringo vyenye tundu). Zuia puli kwa bisibisi kwenye pengo lake, fungua nati, toa kipande cha nje. Kutoa washa katikati kunasogeza vipande karibu, mkanda unapanda juu na kukaza. Kuongeza washa kunalegeza. Zile unazozitoa ziweke nje chini ya nati ili zisipotee, maana siku utakayoweka mkanda mpya utazihitaji tena. Zungusha puli polepole unapokaza ili mkanda usibanwe katikati. Ushuke kama milimita 15.

Mkanda unaolia mvua ikinyesha na kunyamaza jua likiwaka umelegea au umeng'aa ubavuni. Mafundi wengine huupaka kipande cha sabuni. Unanyamaza, ndiyo, lakini baada ya hapo unateleza kimya kimya na hujui.

Spea nitapata wapi?

Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, jina lake la zamani. Nenda na kile kilichoharibika mkononi, si picha kwenye simu. Brashi za dainamo na alteneta zinapatikana kwa kupimwa urefu na upana, na fundi mzuri atakusugulia zinazokaribiana hadi ziingie. Dainamo ya asili usiiuze kwa chuma chakavu hata ikiwa imeungua, kwa sababu ganda lake ndilo adimu na waya ndani husukwa upya. Muulize anayesuka akuonyeshe waya wa zamani alioutoa. Asiyekuwa nao hajafungua dainamo.

Niondoe dainamo niweke alteneta?

Kama gari unalitumia kila siku kwenye jam na usiku, mimi ningeweka. Utapata taa za kuona barabara na chaji gari likiwa limesimama. Kagua mambo mawili kabla ya fundi hajagusa spana. La kwanza, magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye bodi. Alteneta ya kawaida inataka hasi kwenye bodi, na ukiiunga kinyume inaungua sekunde ileile. La pili, waya mnene wa zamani ulipimwa kwa ampea 22 au 30, nao unahitaji kubadilishwa. Kisanduku cha regyuleta kinaondolewa kazini lakini unaweza kukiacha mahali pake kwa sura.

Kama gari ni la kupeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, iache dainamo. Majaji hufungua boneti.

Nilipita kwenye maji South C na taa imewaka. Itajirekebisha?

Mara nyingi ndiyo. Mkanda uliolowa unateleza, dakika kumi baadaye umekauka. Ikiendelea kesho yake, maji yameingia kwenye brashi au kwenye kiungo cha waya.

Nakwenda kuangalia gari la kununua. Taa hii inaweza kuniambia kitu?

Mengi. Kabla muuzaji hajaliwasha mwenyewe na kuliacha lipate moto, mwombe ukae kwenye kiti na ufungue ufunguo wewe, injini ikiwa baridi. Hesabu taa: ya chaji na ya oili zote ziwake. Washa injini, zote zizimike ndani ya sekunde chache. Washa taa za mbele na feni, tazama kama ile nyekundu inajitokeza tena kwa mbali, weka kiganja juu yake kuzuia jua ili uone vizuri. Kisha zima, toa ufunguo, tazama tena.

Gari ambalo taa yake haiwaki mwanzoni huenda limefichwa kitu, pengine kwa kuchomoa balbu tu. Muuzaji akikuambia modeli hii huwa haina taa hiyo, muombe bisibisi.